Kabla Gari la Zamani Halijafika Kwenye Mizani



Anayetoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo na kushika barabara ya Gatuna hupita Gatsata, mahali ambapo kwa miaka mingi pamejulikana mjini Kigali kwa gereji na spea zilizokwisha kutumika. Huko gari lililokufa halizikwi, huchinjwa. Injini huwekwa huku, gia boksi kule, milango hupangwa ukutani, na mabaki huuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, ambavyo wenyeji huviita injyamani. Wenzetu wengi wamelisha watoto wao kwa kazi hiyo. Nanyi mnaofanya kazi katika mashamba ya chai mnajua kwamba lori la kubebea majani likiharibika, spea hutafutwa kwanza mahali kama hapo kabla mtu hajafikiria duka la spea mpya.

Tatizo la yadi hizi ni mahali zilipowekwa. Bonde la Nyabugogo, kama lile la Gikondo, ni kinamasi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza ujenzi ndani ya mita 20 kutoka ukingo wa kinamasi, na tangu hapo wakuu wa Jiji la Kigali wamekuwa wakiwaondoa watu na shughuli zao mabondeni. Viwanda na maghala ya Gikondo viliambiwa vihame, vingine vikaenda katika eneo maalum la viwanda upande wa Masoro. Mwezi wa Desemba 2019 ulifanyika ubomoaji mkubwa mabondeni, na mwaka 2024 ilianza kazi ya kuyarudisha mabonde matano ya Kigali katika hali yake ya asili, Gikondo na Nyabugogo yakiwamo.

Hatuna ugomvi na shabaha hiyo. Oili chafu inayomwagwa chini ya gari huenda mtoni, na mvua za Machi hadi Mei zinapojaza bonde, wa kwanza kuelea ni maskini aliyejenga karibu. Lakini hapana budi tueleze jambo moja ambalo halisemwi katika matangazo ya kuhama.

Yadi inapopewa tarehe ya kuondoka, mwenye yadi hufanya hesabu upya. Kulibeba gari bovu hadi kiwanja kipya kunahitaji lori, winchi na vibarua. Kiwanja kipya aghalabu ni kidogo na kodi yake ni kubwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa upande wake, yuko tayari kuchukua kila kitu kwa mara moja na kulipa taslimu. Hivyo mali iliyokusanywa kwa miaka 20 au 30 huondoka katika muda wa wiki mbili, na hakuna anayeinama kuangalia ni nini kilichoko chini ya rundo. Humo ndimo magari machache ya zamani, ambayo hayatatengenezwa tena duniani, hupotea pamoja na mabati ya kawaida. Makala hii inaeleza jinsi ya kuyatambua na namna mfanyakazi wa yadi anavyoweza kuyaweka kando.

CHUMA KINAKWENDA WAPI

Sehemu ya vyuma chakavu vya Rwanda huishia Rwamagana, ambako kiwanda cha SteelRwa huviyeyusha na kuvifanya nondo. Chuma cha pua huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 1,500. Gari la kawaida, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni chuma. Kwa kuwa bati la bodi ni jembamba na hujaza nafasi bure, hukatwa kwa gesi au hukandamizwa kwa mashine hadi liwe kama tofali, ndipo lipakiwe.

Chukua mfano wa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Nzima ina uzito wa kilo 800 hivi. Ukiisha kuondoa injini, gia boksi, tairi, viti na vioo, linabaki ganda la kilo mia chache tu. Mizani itakulipa kwa hizo mia chache, wala mizani haiulizi gari lilitoka kiwandani mwaka gani.

Isieleweke kwamba tunapinga tanuru. Nondo hizo ndizo zinazosimamisha shule na zahanati, na chuma kilichoyeyushwa mara ya pili ni chuma ambacho hakikuhitaji kununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Corolla ya miaka ya 90 iliyogongwa mbele na nyuma ipelekwe, na iende salama. Magari mengi sana yanastahili mwisho huo. Tunazungumzia machache.

MACHACHE HAYO NI YAPI

Kwanza kuna Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, na 504 iliyofuata mwaka 1968. Vijana wanaziona kama mikweche ya wazee, lakini hizo ndizo gari zilizoifungua Afrika yetu ya barabara za vumbi. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. 504 ilishinda 1975 na 1978. Sababu za ushindi huo fundi yeyote anazijua: springi na shokomzoba za safari ndefu zinazomeza mashimo, na injini isiyo na makuu ambayo hufunguliwa kwa spana chache kando ya barabara. Huko Kaduna, Nigeria, 504 iliendelea kuunganishwa hadi miaka ya 2000.

Halafu kuna hiyo Volkswagen ya kobe. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Mexico mwezi wa Julai 2003. Kwa hiyo si adimu duniani. Lakini iliyo kamili, yenye taa zake, vitasa vyake na dashibodi yake ya asili, ni adimu katika nchi zetu, kwa kuwa kila iliyokufa ililiwa na zilizobaki hai. Kuna Renault 4, iliyotengenezwa tangu 1961 hadi mwanzoni mwa miaka ya 90, na ambayo kwa sababu ya ubati wake mwepesi huwa ya kwanza kukandamizwa. Na kuna Land Rover za zamani, zilizoanza mwaka 1948. Hizi zina balaa la peke yake. Bodi yake ni ya alumini, na alumini ina bei kubwa kuliko chuma. Basi mchinjaji huivua kwanza, kama mtu anayemchuna mnyama kwa ajili ya ngozi. Chasisi yake ni ya chuma na huliwa na kutu, lakini chasisi huweza kuchomelewa. Bodi ikiisha kwenda, hapana Land Rover tena.

Nchi ya milimani ina bahati moja ambayo watu wa pwani hawana. Kigali iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, mbali na chumvi ya bahari. Gari lililokaa Mombasa au Dar es Salaam miaka 40 huwa limetobolewa na kutu hata chini ya rangi nzuri. Lililokaa Kigali kwenye mwinuko, mahali pakavu, mara nyingi sakafu yake bado ni nzima. Lililosimama kwenye tope la bondeni ni habari nyingine. Kwa hiyo usihukumu kwa rangi. Lala chini, gonga sakafu na vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu ni njema. Sauti ya boksi la karatasi ni mbaya.

Baada ya hapo tafuta sahani ndogo ya kiwanda na namba ya chasisi, uiandike. Linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kama kadi ipo. Kisha hesabu vitu vidogo: vioo vya taa, mipira ya madirisha, saa za dashibodi, nembo, vifuniko vya rimu. Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba injini iliyokwama ndiyo imeliua gari. Pistoni hutengenezwa, bushi huchongwa, gasketi hukatwa kwa mkasi. Fundi wa Gatsata hufanya hayo kila siku. Kioo cha taa ya nyuma cha 404 hakichongwi. Gari lisilo na injini lakini lenye vitu vyake vyote vidogo lina thamani kuliko lenye injini nzuri lililonyonyolewa.

YADI ILIYOCHELEWA KUKATA

Mfano mkubwa kuliko yote wa jambo hili si wa magari, bali wa vichwa vya treni. Huko Barry, mji wa bandari katika Wales, kulikuwa na yadi ya vyuma chakavu ya Woodham. Reli ya Uingereza ilipoacha treni za mvuke, yadi hiyo ilinunua, tangu mwaka 1959, vichwa 297 ili ivikate. Lakini ilinunua pia mabehewa mengi ya mizigo, na wakataji walikuta kwamba behewa hukatwa upesi na kuleta fedha ya haraka, hali kichwa cha treni ni kazi ngumu ya siku nyingi. Wakaanza na mabehewa. Vichwa vikaachwa vingoje kwenye upepo wa bahari.

Vilipokuwa vikingoja, watu walianza kuja. Mwaka 1968 kichwa namba 43924 kilikuwa cha kwanza kutolewa, kikiwa kimenunuliwa na kikundi cha wapenzi waliochangiana fedha. Wakafuata wengine, na cha mwisho kiliondoka mwaka 1990. Kwa jumla vichwa 213 viliokoka, na vingi kati ya hivyo vimepata kutembea tena. Hakuna waziri aliyetoa amri na hakuna tajiri mmoja aliyevilipia vyote. Kilichoviokoa ni kwamba waliokuwa na gesi mkononi walianza na kitu kingine.

Sasa tazama kwetu. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na vichwa 34 vya Garratt vya daraja la 59, vilivyotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 50, vikubwa na vyenye nguvu kuliko vyote vilivyotembea kwenye njia ya upana wa mita moja. Vilipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi na mizigo iliyolisha pia Uganda na nchi zetu za ndani. Vimebaki 2. Kimojawapo, namba 5918, kiko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Vingine 32 vilikuwa na yadi zake na wakataji wake, ila havikupata muda.

Ndiyo maana tunasema kwamba kinachoua gari la zamani ni ile tarehe ya kufunga. Fedha za kulitengeneza zaweza kutafutwa hata kwa miaka 10, lakini gari lililokwisha kukandamizwa halingojei mtu. Kati ya tarehe ya tangazo na siku ya winchi kuna wiki chache, na katika wiki hizo mtu pekee anayejua nini kiko wapi katika yadi ni kibarua. Mwenye yadi anajua jumla ya tani. Mnunuzi anajua bei ya kilo.

MFANYAKAZI AFANYE NINI

Aanze na karatasi. Gari lisilo na kadi, ile ya njano, ni samani tu. Tena katika Rwanda jambo hili lina uzito ambao nchi nyingine hazina. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 magari mengi yaliporwa, mengine yakavushwa mpaka kwenda Zaire mwezi wa Julai, na mali za waliouawa zilipita mikono mingi. Gari la kabla ya mwaka huo ambalo asili yake haijulikani linaweza kuwa ni haki ya yatima aliye hai. Namba ya chasisi ipelekwe polisi na katika ofisi ya mapato inayoandikisha magari, kabla mtu hajalinunua wala kuliuza, na kabla halijakatwa vilevile. Tanuru hufuta ushahidi.

La pili ni bei. Wafanyakazi wa yadi wakigundua gari la kufaa, wasilinong'one nje kwa dalali atakayewapa soda. Wamweleze mwenye yadi kwa pamoja, wakitaja uzito wa ganda na bei ya kilo ya siku hiyo: hiyo ndiyo hasara yake yote akiliweka kando. Mara nyingi ni fedha ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kikundi cha watu 10 au 15 kinaweza kuichanga katika mshahara wa mwezi mmoja au miwili, na kulinunua kwa maandishi. Nje kuna soko. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani katika Kenya na nchi jirani, na Nairobi imekuwa na maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri tangu mwaka 1970. Wanaoshiriki humo hutafuta spea za asili kwa tochi.

Na kwa kuwa tunazungumzia yadi inayofungwa, tusisahau watu kwa kushughulikia mabati. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inasema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo, na mwenye kazi ya angalau miezi 12 mfululizo anayeachishwa kwa sababu za uchumi ana malipo yake ya kuachishwa, yanayoongezeka kwa kadiri ya miaka. Vibarua wengi wa gereji wanadhani sheria hiyo ni ya watu wa ofisini. Madai yapelekwe kabla winchi haijaja, kwa maana baada ya hapo hata anwani ya mwajiri haipo.

Yako pia magari yasiyo na mnunuzi lakini yenye kazi. Volkswagen ilifungua kiwanda chake cha kuunganisha magari Kigali mwezi wa Juni 2018. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazoandikishwa Kigali ni za umeme tu. Kijana anayejifunza ufundi leo anafundishwa kuchomeka kompyuta, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini hajaona kabureta ikifunguliwa, wala hajasikia kwa masikio yake platini iliyowekwa vibaya. Injini ya Volkswagen ya kobe, isiyo na maji wala rejeta, imelala wazi nyuma ya gari kama picha ya kitabuni. Mwalimu anaweza kuonyesha kila kitu kwa kidole. Badala ya kulisukuma kwenye mizani, mwenye yadi aombwe alitoe kwa chuo cha ufundi, nao wazee wa Gatsata waitwe walau siku moja kwa wiki kufundisha, kwa malipo. Dar es Salaam waliweza kuiweka katika Makumbusho ya Taifa Austin ndogo ya Mwalimu Nyerere ya siku za kupigania uhuru, karibu na Rolls-Royce ya magavana. Hatudai jumba la namna hiyo. Karakana ya chuo yatosha.

KULIHIFADHI LISIOZE

Aliyepata gari na hana fedha ya kulitengeneza asianze kulifungua. Gari lililofunguliwa nusu hupoteza nati, kisha boliti, kisha hamu ya mwenyewe. Kazi ya kwanza ni kulizuia lisiharibike zaidi.

Ondoa betri. Mwaga petroli yote ya zamani, kwani hugeuka gundi ndani ya kabureta, na uwe mwangalifu: tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wake hulipuka kwa cheche moja. Usilete gesi ya kukatia wala mashine ya kuchomelea karibu na tangi mpaka limetolewa na kujazwa maji. Breki za magari haya ya zamani mara nyingi zina asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa hata kidogo. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa. Madhara yake hayaonekani leo wala mwakani, huja mapafuni baada ya miaka 20 au 30, na mwajiri wa wakati huo hatakuwapo kukuuguza.

Inua gari juu ya matofali au magogo ili tairi zisiguse udongo. Legeza breki ya mkono, vinginevyo viatu vya breki vitagandamana na ngoma. Kanyagia klachi kwa kijiti, sahani isinate. Toa plagi, tia kijiko cha oili safi katika kila silinda, kisha zungusha injini polepole kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikikataa, usilazimishe, ongeza oili na ungoje siku tatu. Usifunike kwa nailoni, kwa kuwa hufungia unyevu. Paa la mabati na upepo unaopita pembeni ni bora. Acha madirisha wazi kiasi cha kidole kimoja, na utazame panya kwenye viti.

Zungusha injini kwa mkono mara moja kila mwezi, nusu mzunguko tu, na uandike tarehe kwa chaki ndani ya boneti ili anayekuja zamu nyingine ajue.